Viungo kuuma kipindi cha kukoma hedhi: kina mama wa jogging wapumzike au waendelee?

Kocha_Alfajiri

Habari za leo wana jamvi. Ninaongoza kikundi cha mazoezi ya asubuhi hapa Tanga, kina mama 14, umri kati ya miaka 45 na 55. Ratiba ni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kilomita 5 kila siku, nusu kutembea kwa kasi na nusu kukimbia taratibu, yote kwenye lami. Malalamiko yanafanana: magoti yanakakamaa wakiamka, ubavu wa nyonga unauma wakiulalia, kisigino kinachoma wakikanyaga chini asubuhi, na wawili mkono hauendi tena mgongoni kufunga sidiria. Wengi wao hedhi imeanza kuruka miezi au imeshakoma. Famasi wanapewa diklofenaki, nyumbani wanaambiwa baridi imeingia kwenye mifupa, watulie.

Naomba wenye ujuzi mnijibu mambo mawili. Waendelee au wasimame kwanza? Na nitajuaje kwamba huyu ni homoni na yule ana ugonjwa mwingine wa kupelekwa hospitali? Nipeni hesabu na vipimo tafadhali, maana "fanyeni mazoezi mepesi" tumeshalisikia sana.

Fizio_Mnazini

Salamu kocha. Waendelee, ila ratiba yako ina kasoro: siku tatu za kitu kile kile na hakuna hata siku moja ya mazoezi ya nguvu. Umri huu nguvu ndiyo inayobeba kila kitu kingine.

Estrojeni si homoni ya kizazi tu. Gegedu (tabaka laini linalofunika ncha za mifupa kwenye kiungo), utando wa ndani wa kiungo, kano, misuli na mifupa vyote vina vipokezi vyake. Inapoanza kupanda na kushuka, na baadaye kushuka moja kwa moja, misuli inapungua haraka, kano zinajirekebisha polepole baada ya kazi, na uvimbe mdogomdogo wa ndani unakuwa mwepesi kuwaka. Kwa hiyo kano iliyokuwa ikipona haraka baada ya kilomita 5, sasa inadai muda zaidi. Mzigo haukubadilika, uwezo wa kupona ndio uliobadilika. Mwaka 2024 madaktari wa Marekani, akiwemo mpasuaji wa mifupa Vonda Wright, walipendekeza maumivu haya ya viungo, misuli na mifupa yaitwe kwa jina moja, kama dalili za kukoma hedhi zinazojitegemea. Si mawazo ya hao kina mama.

Ondoa mbio za Jumatano. Weka siku mbili za nguvu, dakika 30 kila siku, zisifuatane.

Zoezi la kwanza ni kukaa na kusimama kwenye kiti. Chukua kiti cha plastiki cha kawaida, kiegemezwe ukutani kisiteleze. Miguu upana wa nyonga, mikono kifuani. Shuka ukihesabu moja, mbili, tatu, gusa kiti kama unagusa yai, simama. Mara 8, pumzika dakika moja na nusu, raundi 3. Goti likipita maumivu ya 4 kati ya 10, ongeza kimo cha kiti kwa mto mgumu wa sentimita 8 hadi 10, kwa sababu kadiri unavyokunja kidogo ndivyo kifuniko cha goti kinavyogandamizwa kidogo. Akifika mara 12 bila shida, akumbatie dumu la lita 5 lililojaa maji. Hizo ni kilo 5. Makosa utakayoyaona ni mawili. La kwanza ni kujitupa kwenye kiti sentimita chache za mwisho, na hapo hasa ndipo paja linapojengwa. La pili ni magoti kuingia ndani wakati wa kusimama, dalili kwamba misuli ya makalio imelala. Kata mpira wa tyubu ya baiskeli, ufunge kuzunguka mapaja yote mawili juu kidogo ya magoti, kisha mwambie ausukume nje muda wote.

La pili, kwa visigino: asimame ukingo wa ngazi, nusu ya mbele ya mguu ndiyo ikanyage, taulo likunjwe na kuwekwa chini ya vidole ili vidole viinuke. Apande kwa sekunde 3, abaki juu sekunde 2, ashuke kwa sekunde 3. Mara 12, raundi 3, siku moja ndiyo, siku moja hapana. Ikiwa rahisi, abebe begi lenye vitabu mgongoni. Watu wengi hulirusha zoezi hili kama wanaruka kamba halafu wanasema halifai. Ni la polepole na zito, na linahitaji kama miezi 3. Huku akiendelea, asitembee peku sakafuni asubuhi. Viatu vyenye soli nene viwe pembeni ya kitanda, si ndala zilizolika kisigino.

La tatu ni kusukuma ukuta, mara 10 kwa raundi 3, na la nne ni kubeba dumu la lita 10 kila mkono mita 20 kwenda na kurudi, mgongo wima. Hayo mawili hayana maelezo mengi.

Sheria ya maumivu iwe moja kwa wote: hadi 3 kati ya 10 endelea; 4 au 5 inakubalika ikiwa kesho yake saa ileile yamerudi yalipokuwa; zaidi ya hapo, au yakiendelea kupita saa 24, punguza theluthi ya kazi badala ya kuacha yote. Na usiongeze mzigo na umbali wiki moja. Ukifanya hivyo, goti likiuma hutajua kipi kimelisumbua.

Mzee_wa_Raskazone

Mimi naona mnawadanganya kina mama. Umri huo kukimbia ni kumaliza magoti. Gegedu likishasagika halirudi. Watembee tu, inatosha.

Fizio_Mnazini

Shikamoo mzee. Kwamba gegedu likilika halirudi kirahisi ni kweli. Lakini gegedu la kiungo halina mishipa ya damu. Linalishwa na ute wa kiungo kwa kubanwa na kuachiwa, kama sponji. Ukiliacha bila kazi, linakonda. Uchambuzi wa tafiti uliotoka 2017 ulikuta magoti na nyonga zilizochakaa kwa asilimia 3.5 ya wanaokimbia kwa afya, asilimia 10.2 ya wasiokimbia, na asilimia 13.3 ya wanariadha wa mashindano. Hiyo haina maana kwamba mbio zinaponya magoti, kwa sababu mwenye goti bovu huacha kukimbia mapema. Ila hofu kwamba mbio za taratibu zinayasaga haina mashiko.

Cha kurekebisha ni namna ya kukimbia. Kocha, hesabu hatua zao kwa dakika moja. Anayepiga 150, mpeleke 158 hadi 160 kwa kasi ileile. Hatua fupi hupunguza mgongano gotini. Piga makofi uwape mdundo. Waanze dakika 1 kukimbia, 2 kutembea, mara 8. Na mkienda ufukweni, mwende maji yakiwa yamekupwa, kwenye mchanga mgumu ulio sawa. Mchanga ulioinama kuelekea baharini unafanya mguu mmoja uwe chini wakati wote, na ubavu wa nyonga ndio unaolipia.

Nirudi kwenye huo ubavu wa nyonga, kwa sababu ndio unaotibiwa vibaya kuliko vyote. Wengi huambiwa wana uchakavu wa nyonga wakati uchakavu wenyewe huumia kinenani, na mtu hushindwa kuvaa soksi. Maumivu ya ubavuni, pale kwenye nundu ya mfupa wa paja, kwa kawaida ni kano za misuli ya makalio zinazogandamizwa kwenye hiyo nundu. Zinagandamizwa kila paja linapovuka katikati ya mwili: kukaa umekunja nne, kusimama umeegemea mguu mmoja, kumbeba mjukuu ubavuni, kulala upande huku goti la juu limeangukia godoro. Na zoezi linalopendwa sana, kuvuta goti kuelekea bega la upande wa pili, linaongeza tatizo. Liondoe kabisa.

Usiku alale chali na mto chini ya magoti, au alalie upande usiouma na mito kuanzia gotini hadi kifundo cha mguu, si mto mmoja mdogo kati ya magoti tu. Zoezi: alale chali, magoti yamekunjwa, ainue makalio kwa sekunde 3, ashushe kwa sekunde 3, mara 10 kwa raundi 2, akizoea atumie mguu mmoja. Utafiti wa Australia wa 2018, watu 204, ulilinganisha maelekezo ya aina hii pamoja na mazoezi ya wiki 8 na sindano moja ya kotizoni, dawa ya kutuliza uvimbe. Mazoezi yalishinda.

Sista_Zamu

Naomba nijibu swali la pili la kocha, kwa sababu kuna hatari ya kila kitu kutupiwa homoni.

Shika vidole vyake. Viungo vya katikati na vya mizizi ya vidole vikiwa vimevimba na vinabonyea laini kama unga uliokandwa, mikono yote miwili, na ukakamavu wa asubuhi unachukua zaidi ya nusu saa, na hali imepita wiki 6, huyo apimwe mapema baridi yabisi, ugonjwa wa kinga ya mwili kushambulia viungo. Aombe vipimo vya damu: ESR na CRP vya kuonyesha uvimbe mwilini, RF na anti-CCP vya baridi yabisi yenyewe. RF peke yake isimtishe wala isimtulize: wapo wazima wanayo, na wapo wagonjwa hawana. Vinundu vigumu kama kokoto kwenye viungo vya mwisho karibu na kucha ni uchakavu wa kawaida wa vidole, vinauma lakini si baridi yabisi. Ukakamavu wa uchakavu huachia ndani ya nusu saa ya kutembeatembea.

Kidole gumba cha mguu kikivimba ghafla usiku na shuka tu likigusa linauma, fikiria jongo, yaani asidi ya yuriki kujikusanya kiungoni. Estrojeni husaidia figo kutoa asidi ya yuriki, ndiyo maana jongo ni nadra kwa mwanamke kabla ya hedhi kukoma na huanza kuonekana baadaye, hasa kwa anayetumia vidonge vya presha vya kukojosha.

Mwambao wetu una jambo jingine. Chikungunya ilitambuliwa mara ya kwanza kusini mwa Tanzania mwaka 1952, na jina lenyewe ni la Kimakonde, kwa namna inavyomkunja mgonjwa. Maumivu yake ya viungo yanaweza kukaa miezi baada ya homa kuisha. Muulize kila mmoja: kabla ya viungo kuanza, ulipata homa kali na vipele?

Mwenye bega lililoganda apimwe sukari, na tezi ya shingo kwa kipimo cha TSH; vyote viwili hufuatana na bega hilo. Anayetumia anastrozoli au letrozoli baada ya saratani ya matiti, dawa hizo zenyewe huumiza viungo. Asiziache kimyakimya, arudi kliniki wazungumze. Anayejifunika muda wote nje, au anayefanya kazi ndani mchana kutwa, na mapaja hayana nguvu kupanda ngazi, aulizie vitamini D hata kama anaishi kwenye jua la Tanga.

Siku hiyohiyo hospitali: kiungo kimoja chenye joto na wekundu pamoja na homa, shavu moja la mguu lililovimba na kuuma, maumivu makali baada ya kuanguka, hata kuanguka kidogo. Na damu ikitoka ukeni baada ya miezi 12 bila hedhi, hiyo haihusiani na viungo lakini isingoje.

Kocha_Alfajiri

Asanteni sana, hili ndilo nililokuwa nalitafuta. Sista, na tiba ya homoni je? Baadhi yao wanaulizia. Halafu kuna wanaosema mazoezi hayawaumizi, kinachowaumiza ni jikoni: vidole gumba, viganja, na kuinuka kutoka chini.

Sista_Zamu

Tiba ya homoni haitolewi kwa ajili ya viungo pekee. Kwenye utafiti mkubwa wa Marekani, wanawake waliotolewa kizazi na kupewa estrojeni walipungukiwa na maumivu ya viungo, lakini kwa kiasi kidogo. Mwenye vipindi vya joto vinavyomwamsha usiku mara nne au tano ni habari nyingine: akipata usingizi, maumivu nayo hushuka, kwa hiyo kwake inaweza kufaa pande zote mbili. Wakati unaofaa ni kabla ya miaka 60 au ndani ya miaka 10 tangu hedhi ya mwisho. Mwenye kizazi lazima apewe projesteroni pia, la sivyo ukuta wa kizazi unanenepa na kuleta hatari ya saratani. Aliyewahi kuwa na saratani ya matiti, damu kuganda miguuni au kwenye mapafu, ini lenye ugonjwa, au anayetokwa damu isiyojulikana chanzo, asianze.

Bi_Mwiko

Nafanya tiba kazi, hayo ya jikoni ndiyo yangu.

Mzizi wa kidole gumba, pale kinapokutana na kifundo cha mkono, huchakaa kwa wanawake wengi. Ukibana kitu kwa ncha ya gumba, mzizi unabeba nguvu mara nyingi zaidi ya ile iliyo kwenye ncha. Kwa hiyo dawa ni kupanua unachokishika. Mpini wa mwiko wa ugali uzungushiwe kitambaa na juu yake kipande cha tyubu hadi unene wa sentimita 3.5 au 4. Sufuria ibanwe isizunguke, mikono yote miwili ishike mwiko, na msukumo utoke begani, si kwenye kiganja. Kisu cha mpini mwembamba kifanyiwe vivyo hivyo.

Kukamua khanga: usizisokote kwa viganja. Izungushe kwenye bomba imara, shika ncha zote mbili kwa ngumi, sokota huku ukiegemea nyuma. Uzito wa mwili ndio ukamue. Unga wa chapati ukandwe kwa kitako cha kiganja, na ukae dakika 20 umefunikwa kabla ya kumaliza kuukanda. Unalainika wenyewe, unapunguza nusu ya kazi.

Mbuzi ya nazi ni adui wa goti na nyonga kwa pamoja, kwa sababu kiti chake kiko chini mno na miguu mara nyingi inapishana. Ipandishwe juu ya benchi na mtu aketi sambamba nayo, sinia kwenye meza ndogo mbele. Kigoda cha jikoni kisipungue sentimita 40, au pale goti linapokuwa sawa na nyonga. Maji ya ndoo ya lita 20 yagawanywe kwenye madumu mawili ya lita 10, mkono huu na huu. Ni zoezi lilelile la fizio, basi hapo kazi na zoezi vimekutana.

Kuinuka kutoka kwenye mkeka: geuka upande, piga goti moja, weka mguu wa upande wenye nguvu mbele, kiganja juu ya paja, inuka. Kwenye sala, mto mwembamba kati ya visigino na makalio wakati wa kuketi huondoa mkunjo mkubwa wa goti. Asiyeweza kabisa ana ruhusa ya kiti, asijilazimishe kwa aibu.

Famasi_ya_Kona

Nami niongeze la dawa, kwa sababu hapo kwenye "famasi wanapewa diklofenaki" moyo umenishtuka.

Kwa goti au vidole, anzeni na jeli ya diklofenaki ya asilimia 1. Kipimo cha goti ni gramu 4, hadi mara 4 kwa siku; kiwiko, kifundo cha mkono au vidole ni gramu 2. Fanya hesabu: goti moja kwa kipimo kamili ni gramu 16 kwa siku, yaani tyubu ya gramu 20 haimalizi siku mbili. Watu wanapaka kama losheni ya mafuta, tyubu inakaa mwezi, halafu wanasema haifanyi kazi. Kwa nyonga na bega haifiki ndani, msipoteze hela.

Vidonge vya diklofenaki viwe vya siku chache, baada ya chakula, visizidi miligramu 150 kwa siku, na visichanganywe na ibuprofeni. Mwenye presha anayetumia enalaprili au losartani pamoja na kidonge cha kukojosha, asiviguse bila daktari: vitatu hivyo kwa pamoja vinaweza kuzima figo. Mwenye vidonda vya tumbo vilevile. Parasetamoli ni vidonge 2 vya miligramu 500, visizidi 8 kwa saa 24, na asome pakiti, maana kuna vidonge vinavyouzwa vyenye diklofenaki na parasetamoli ndani yake kwa pamoja. Wengi wanameza dozi mbili bila kujua.

Kubwa kuliko yote: "dawa ya asili" isiyo na lebo inayoondoa maumivu ya miaka mitatu ndani ya siku moja. Mara nyingi ndani kuna deksamethasoni au prednisoloni iliyosagwa, yaani dawa kali za steroidi. Ishara ni uso kujaa na kuwa wa mviringo, hamu kubwa ya kula, presha na sukari kupanda, ngozi kuchubuka kirahisi. Inakula mifupa ambayo tayari imepoteza ulinzi wa estrojeni. Aliyeitumia wiki kadhaa asiikate ghafla, tezi zake za juu ya figo, zinazotengeneza homoni ya aina hiyo, zimeshalala na anaweza kuzimia. Aende nayo hospitali ashushwe taratibu.

Glukosamini na unga wa kolajeni ni ghali na ushahidi wake ni dhaifu. Hela hiyo inunue chakula. Mama wa kilo 70 anahitaji protini gramu 70 hadi 84 kwa siku ili hayo mazoezi yajenge kitu. Yai lina gramu 6, kikombe cha maharage yaliyopikwa kama 15, na dagaa wakavu gramu 30 wana karibu 18, pamoja na kalisi ya mifupa yao, na baada ya miaka 50 kalisi inayotakiwa ni miligramu 1,200. Chai na andazi asubuhi hazina lolote kati ya hayo.

Kocha_Alfajiri

Nimeandika hivi, mnikosoe: Jumatatu nguvu, Jumanne kilomita 3 za kukimbia na kutembea, Alhamisi nguvu, Ijumaa kilomita 3, Jumamosi kilomita 5. Wawili wa mabega wanakwenda kupima sukari wiki hii. Wafanye kuning'inia kwenye bomba wakati wanasubiri?

Fizio_Mnazini

Wasining'inie. Waambie wabane viwiko ubavuni, vikunjwe nyuzi 90, wafungue mikono nje kama mlango wenye mabawa mawili. Upande mbovu ukigoma katikati, na hata wewe ukiusukuma kwa upole haupiti hapo, mfuko wa kiungo umekaza, na kuuvuta kwa nguvu kipindi cha maumivu makali kunauwasha zaidi. Wainame wakishikilia meza, mkono uning'inie na kubembea taratibu dakika 2, mara 4 kwa siku. Waulize kliniki kuhusu sindano ya kotizoni ndani ya kiungo, kwa sababu kwenye bega inasaidia zaidi ikiwahi, tofauti na nyonga niliyoitaja juu. Waambie mapema kwamba huchukua mwaka mmoja hadi mitatu, wasikate tamaa mwezi wa pili.

Ratiba ni nzuri isipokuwa mwisho wa wiki. Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi zimebanana, siku tatu mfululizo. Futa Ijumaa, na Jumamosi ibaki kilomita 3 kwa wiki nne za kwanza.